MIZANI YA NGUVU DUNIANI: WAKUBWA KUWA WENGI SIYO UHURU WA WADOGO

Siku hizi liko swali linalosikika katika vikao, katika madarasa, na hata mahali watu wanapokunywa kahawa jioni: Je, enzi ya Marekani kuiamulia dunia peke yake imekwisha? Na kama imekwisha, nani atashika nafasi hiyo? Wengi hulijibu swali hili kwa furaha. Husema kwamba China imeinuka, Urusi imerudi uwanjani, India inakuja mbio, na kwa kuwa sasa wakubwa ni wengi, basi wanyonge wamekombolewa.

Fikira hii ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikishangiliwa kama ukweli mzima hupotosha. Makala hii inakusudia kueleza mizani ya nguvu ni kitu gani, imepata kuwa ya namna ngapi, inaweza kuelekea wapi, na ni jambo gani hasa linaloamua kama taifa dogo litafaidika au litaumia.

Maana ya Mizani ya Nguvu

Mizani ya nguvu ni jinsi uwezo wa kuamua mambo ya dunia ulivyogawanyika baina ya mataifa. Watu wengine hudhani kwamba kuipima mizani hiyo ni kuhesabu askari na manowari tu. Hilo ni kosa. Nguvu ya mataifa inasimama juu ya nguzo tatu.

Nguzo ya kwanza ni silaha. Nchi zenye silaha za nyuklia ni 9, lakini Urusi na Marekani peke yao zinamiliki karibu asilimia 90 ya silaha hizo zote. Katika mwaka 2024, kwa makadirio ya taasisi ya utafiti wa amani iliyoko Stockholm, Marekani ilitumia kwa majeshi yake dola zipatazo bilioni 997. China, iliyokuwa ya pili, ilitumia kiasi cha bilioni 314.

Nguzo ya pili ni uchumi, yaani uzalishaji mali na fedha. Katika uzalishaji mabadiliko ni makubwa mno: China sasa inatoa zaidi ya robo ya bidhaa zote za viwandani duniani. Lakini katika fedha hali ni nyingine. Zaidi ya nusu ya akiba ya fedha za kigeni za mataifa bado imewekwa katika dola za Marekani. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi za Magharibi zilizuia akiba ya Benki Kuu ya Urusi ya kiasi cha dola bilioni 300. Risasi haikufyatuliwa. Vilifungwa vitabu vya benki tu.

Nguzo ya tatu ni vikao na sheria zake. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina wajumbe 5 wa kudumu wenye kura ya turufu. Afrika yenye nchi 54 haina hata mmoja. Katika Shirika la Fedha la Kimataifa, maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani ina zaidi ya asilimia 16. Maana yake ni kwamba Marekani peke yake inaweza kulizuia jambo ambalo mataifa mengine yote yamelikubali.

Nguzo hizi tatu haziendi kwa mwendo mmoja. Uzalishaji umekwisha kuhamia Asia kwa sehemu kubwa. Silaha na fedha zinafuata polepole. Lakini sheria za vikao ni zile zile zilizoandikwa baada ya vita mwaka 1945, wakati Umoja wa Mataifa ulipokuwa na wanachama 51, na katika hao Afrika ilikuwa na wanne tu: Misri, Ethiopia, Liberia, na Afrika Kusini iliyotawaliwa na Makaburu na wazungu wenzao. Leo wanachama ni 193. Huo ndio mgongano mkuu wa wakati wetu: dunia imebadilika chini, lakini juu bado imevaa nguo za zamani. Mgongano huo lazima utatuliwe. Swali ni kwamba utatuliwe kwa njia gani, na kwa faida ya nani.

Historia Inatufundisha Nini?

Kabla ya kutazama mbele ni vizuri kutazama nyuma, maana hakuna aina ya mizani inayotabiriwa leo ambayo Afrika haijapata kuionja.

Tuanze na wakubwa wengi. Mwishoni mwa karne ya 19 hapakuwa na mkubwa mmoja wala wawili. Walikuwapo Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na wengineo, kila mmoja akimchunga mwenzake. Wajumbe wa nchi 14 walikutana Berlin kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 kuweka kanuni za kuligawana bara letu. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Na tukumbuke kwamba wakati huo wakubwa hao hawakuwa wakipigana wao kwa wao. Walikuwa katika amani, wakipatana.

Pwani yetu iliionja amani hiyo. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar abaki na visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, nazo zikagawana bara. Mwaka 1890 zikapatana tena: Zanzibar iingie chini ya himaya ya Waingereza, na Wajerumani wapewe kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Watu wa Zanzibar hawakuulizwa. Wavuvi wa Heligoland nao, ingawa walikuwa Wazungu, hawakuulizwa. Walikuwa wadogo, na mizani ya wakubwa ilihitaji kusawazishwa.

Mwaka 1914 mapatano hayo yalivunjika. Wakubwa walewale wakapigana, na Afrika Mashariki ikageuzwa uwanja wa vita. Waafrika kwa maelfu na maelfu walikamatwa kuwa wachukuzi wa mizigo ya majeshi, na wengi sana walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kikosi hicho cha wachukuzi. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Historia ya Berlin na Heligoland inatuongezea kwamba tembo wakipatana, nyasi huliwa.

Sasa tuje kwa wakubwa wawili, yaani zama za Marekani na Urusi ya Kisovieti kati ya 1945 na 1991. Ulaya ilikaa bila vita kubwa, lakini wakubwa hao walipigana katika nyumba za wengine: Korea, Vietnam, Angola. Kongo ilipata uhuru Juni 1960, na kufikia Januari 1961 waziri mkuu wake, Patrice Lumumba, alikuwa amekwisha kuuawa.

Hata hivyo, ushindani huo ulifungua upenyo. Julai 1956 Marekani iliondoa ahadi yake ya kusaidia ujenzi wa bwawa la Aswan. Misri ikautaifisha Mfereji wa Suez, na bwawa likajengwa kwa msaada wa Urusi. Tanzania na Zambia zilipoomba msaada wa kujenga reli ya kuifikisha Zambia baharini bila kupita katika nchi za walowezi, Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikataa. China ilitoa mkopo usio na riba, na reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860 ikajengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Ambaye mlango mmoja ulifungwa aliweza kubisha mlango mwingine.

Lakini upenyo huo haukuwa zawadi. Ulitumiwa na nchi zilizokuwa na msimamo, na msimamo una gharama. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Kwa nchi iliyokuwa na miaka minne tu ya uhuru, hizo hazikuwa fedha kidogo.

Mwisho ni mkubwa mmoja. Ili kuona maana yake, tumtazame mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro, Kagera au Kisii. Tangu mwaka 1962 palikuwa na Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa, yaliyowagawia wazalishaji kiasi cha kuuza ili bei isianguke. Marekani, mnunuzi mkubwa kuliko wote, iliyaunga mkono kwa sababu moja kubwa: baada ya mapinduzi ya Cuba iliogopa kwamba wakulima wenye njaa wa Amerika ya Kusini watageukia ukomunisti. Hofu hiyo ilipopungua, ari ya Washington nayo ilipungua. Wazalishaji wenyewe nao walikuwa wakigombania mgao. Julai 1989 mgao huo ulisimamishwa, na katika miezi michache bei ya kahawa duniani ikaanguka kwa karibu nusu. Mkulima hakufanya kosa lolote shambani mwake. Mizani ya dunia ndiyo iliyohama, naye akaisikia katika mfuko wake.

Baada ya 1991 hapakuwa tena na mlango wa pili. Nchi changa zilizokuwa na madeni zilipewa masharti ya namna moja na mashirika yale yale ya fedha. Aprili 1994, wakati watu wakiuawa kwa halaiki nchini Rwanda, Baraza la Usalama lilipunguza jeshi lake la amani huko kutoka askari wapatao 2,500 hadi 270, kwa sababu hakuna mkubwa aliyeona faida ya kujiingiza. Na mwaka 2003 Marekani na wenzake waliivamia Irak bila idhini ya Baraza hilo. Mkubwa asiye na mshindani huja asipotakiwa, na haji anapohitajiwa.

Njia Nne Zilizo Mbele

Kutokana na hali hiyo, zipo njia nne ambazo dunia inaweza kuzifuata.

Njia ya kwanza ni mkubwa mmoja kuendelea. Tusiidharau njia hii kwa sababu tu hatuipendi. Silaha na dola, kama tulivyoona, bado ziko mikononi mwa Marekani. Lakini kuendelea kwake kutakuwa kwa taabu, kwa sababu uzalishaji, ambao ndio msingi wa nguvu nyingine zote, haumo tena mikononi mwa mmoja.

Njia ya pili ni kambi mbili, Marekani na China. Dalili zipo. Tangu 2018 nchi hizi zimekuwa zikitozana ushuru mkubwa, na tangu Oktoba 2022 Marekani imezuia kuiuzia China vipande vya elektroniki vya hali ya juu vinavyoendesha kompyuta. Njia hii inaweza kurudisha upenyo wa zamani. Lakini ipo tofauti. Zamani uchumi wa kambi mbili ulikuwa mbalimbali. Leo Marekani na China zinauziana na kununuliana kila siku, na nchi changa inafanya biashara na zote mbili. Kwa hiyo kuambiwa ichague ni kuambiwa ijikate mkono mmoja.

Njia ya tatu ni wakubwa wengi. Hii ndiyo inayoshangiliwa sana, na ndiyo inayohitaji kutazamwa kwa macho makavu. Djibouti, nchi ndogo kwenye mlango wa Bahari ya Shamu, ina vituo vya kijeshi vya Marekani, Ufaransa, Japani, Italia, na tangu 2017 vya China. Inapata kodi, na hakuna awezaye kuibeza. Lakini iko siku wapangaji hao wanaweza kugombana, na mwenye nyumba hawezi kuwaamua.

Zambia inatupa funzo jingine. Novemba 2020 ilishindwa kulipa deni lake la nje. Katika zama za zamani ingekutana na wadai waliozoea kukaa kikao kimoja. Safari hii walikuwapo China, nchi za Magharibi na matajiri binafsi walionunua hati za deni, na kila mmoja alichelea kusamehe kitu ambacho faida yake ingemwendea mwenzake. Mapatano na serikali zilizokopesha yalipatikana Juni 2023, na yale ya wenye hati yalifuata mwaka 2024. Kwa muda wote huo wananchi wa Zambia walikuwa wakingojea. Wakubwa wengi maana yake ni milango mingi ya kukopa, lakini vilevile ni mikono mingi ya kudai.

Tena wakubwa wengi wanaweza kurudia desturi ya kugawana, kila mmoja akidai kwamba majirani zake ni milki yake. Vita ya Ukraine imeonyesha jambo hilo, na imeonyesha pia jinsi maumivu yanavyosafiri. Mwaka 2022 bei za ngano, mafuta ya kula na mbolea zilipanda Afrika Mashariki kwa sababu ya vita iliyopiganwa kwenye Bahari Nyeusi.

Njia ya nne ni dunia ambamo vikao na sheria vinapanuliwa mpaka wadogo nao wanahesabiwa. Hii ndiyo njia yenye manufaa kwetu, na ndiyo ngumu kuliko zote. Zipo hatua zilizokwisha kuchukuliwa. Kundi la BRICS, lililofanya mkutano wake mkuu wa kwanza mwaka 2009, liliziingiza Misri na Ethiopia mwaka 2024. Umoja wa Afrika ulipewa kiti katika kundi la G20 Septemba 2023. Hizi ni hatua za kweli. Lakini mwenye kura ya turufu, awe wa Magharibi au wa Mashariki, hana haraka ya kuigawa. Tangu mwaka 2005 Afrika imedai kwa sauti moja viti visivyopungua viwili vya kudumu vyenye haki zote katika Baraza la Usalama. Imepita miaka zaidi ya 20, na madai hayo bado ni karatasi.

Wadogo Wakiungana

Je, basi tukate tamaa? Hapana. Iko mifano miwili ambayo yafaa kila mmoja wetu aijue.

Baraza la Usalama lilianza na wajumbe 11. Nchi za Afrika na Asia zilipopata uhuru zilidai liongezwe. Azimio lilipopigiwa kura Desemba 1963, katika wale watano wa kudumu ni mmoja tu, China ya Taiwan, aliyeliunga mkono. Ufaransa na Urusi ya Kisovieti zilipinga, Marekani na Uingereza hazikuelemea upande wowote. Lakini wadogo walikuwa pamoja, na azimio likapita kwa kura 97. Kufikia Agosti 1965 wakubwa wote watano walikuwa wameliridhia, na Baraza likawa na wajumbe 15. Hilo lilitokea katikati ya vita baridi, bila mkubwa hata mmoja kulianzisha.

Mfano wa pili ni wa Oktoba 1971. China yenyewe, ambayo leo inahesabiwa miongoni mwa wakubwa, iliingia katika kiti chake cha Umoja wa Mataifa kwa kura 76 dhidi ya 35, ingawa Marekani ilipinga. Sehemu kubwa ya kura hizo ilitoka Afrika. Si vibaya kulikumbusha jambo hilo pale inapofaa.

Mifano hii inaonyesha kwamba idadi ya wakubwa huongeza au hupunguza nafasi, lakini haitumii nafasi hiyo kwa niaba yetu. Anayeitumia ni mdogo mwenyewe, na huitumia tu akiwa na mambo mawili: umoja na wenzake, na uchumi unaoweza kusimama.

Katika umoja, ni lazima tujikosoe. Hatuwezi kuwalaumu wakubwa peke yao wakati kila nchi yetu huenda kwa mnunuzi peke yake, kwa mkataba wa siri, ikishindana na jirani yake kupunguza kodi. Wauzaji wanaogombania mteja mmoja humtajirisha mteja.

Katika uchumi, tatizo ni kwamba mnunuzi amebadilika lakini uhusiano haukubadilika. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, madini yanayohitajiwa kwa betri za magari ya umeme. Sehemu kubwa husafishwa China, na faida ya ufundi hubaki huko. Zamani shaba ya Katanga ilikwenda Ubelgiji, na leo kobalti yake inakwenda Mashariki. Penye miti hapana wajenzi. Wakati huohuo, biashara baina ya nchi za Afrika zenyewe ni kiasi cha asilimia 15 tu ya biashara yao yote. Mapatano ya Eneo Huru la Biashara la Afrika yalitiwa sahihi Kigali mwaka 2018, na biashara chini yake ikaanza rasmi Januari 2021. Mapatano yapo. Kilichobaki ni viwanda vya kutengeneza vitu vya kuuziana, na reli na barabara za kuvipitisha.

Hitimisho

Hakuna awezaye kusema kwa hakika ni ipi katika njia hizi nne itakayofuatwa. Inawezekana dunia ikapita katika zaidi ya moja, au zikachanganyika. Lakini kwetu jambo la kuzingatia ni hili: katika kila njia, nchi iliyo peke yake na inayouza mali ghafi tu itaumia, na katika kila njia, nchi zilizoshikamana na zinazozalisha zitapata upenyo.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba mkubwa fulani anaanguka na mwingine anapanda, tusikimbilie kupiga makofi wala kulia. Tuulize maswali matatu. Je, mkataba tuliotiliana naye unajulikana kwa wananchi? Je, unatuachia ujuzi na kiwanda, au shimo tu? Na je, jirani yetu yumo pamoja nasi, au tumemzunguka? Mkulima wa kahawa hawezi kuyajibu maswali hayo peke yake kutoka shambani kwake. Yanawahusu wale waliopewa dhamana ya kusema kwa niaba yake, na ni haki yake kuyasikia majibu kabla sahihi haijatiwa. Mwaka 1890 waliogawiwa hawakuwa na la kusema. Safari hii tukigawiwa tena, tutakuwa tumeshiriki wenyewe.